Taa Ilipiga Ishirini na Moja

Nyinyi vijana mlionifuata Alunguli na lile gari la teksi, mlinikuta barazani nikichambua maharage, mkaniwekea mbele ya uso simu inayosoma kompyuta ya gari, hata salamu hazijaisha. "Papa, angalia, ordinateri inasema kapteri ya oksijeni." Mmoja wenu akaongeza kwamba kapteri hiyo, kile kihisio cha bomba la moshi, mmekwisha kuibadilisha, mpya kabisa, imetoka Goma kwa ndege, na injini bado inarukaruka. Niliwaambia mzime simu, muwashe injini, mnyamaze. Mkaangaliana. Najua mlichokisema njiani mliporudi kivukoni: mzee anaogopa simu.

Siogopi simu. Tulipata ugonjwa wa lile gari chini kabisa ya bomba la hewa, mahali ambapo mkono haufiki mpaka uondoe betri. Mtu mmoja kabla yenu alikuwa ameufunga mpasuko kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na mpira umeoza. Hewa ya wizi iliingia, kapteri ikanusa hewa nyingi ikasema hewa nyingi. Ilikuwa inasema kweli. Nyinyi mkamfukuza kazi shahidi kwa sababu ya habari aliyoileta.

Siku ile injini ilikuwa inanguruma na mwenye teksi anapiga miluzi, sikuweza kuwaeleza kwa nini jambo hilo linanikausha mate mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Nilirudi Kindu kutoka Kisangani na diplome ya umeme katika miaka ya vita, wakati diplome haikuwa na pa kwenda. Treni zilikuwa zimesimama. Majani yaliota katikati ya reli na mbuzi wakalala humo. Chumvi ilikuja kwa baiskeli au kwa ndege, petroli nayo kwa ndege, ndani ya madumu, mara nyingi imechanganywa na maji. (Hilo nalo mlishike: kabla ya kuamini msimbo wowote wa simu, mimina petroli ya mteja kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho yako.)

Papa Assumani alinichukua katika garaji yake nyuma ya stesheni. Alikuwa amefanya kazi karakana ya reli tangu ujana, na kule walimfundisha kunyoosha kila kitu. Akikata gasketi ya katoni, aliikata kwa rula. Funguo zake zilisimama kwenye ubao kama askari wa gwaride. Hata kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwake ilikuwa imenyooka, mkewe akilalamika kwamba mashati yanapepea kwa adabu kuliko watoto.

Mimi nilikuwa mtu wa kuwaza. Gari likikohoa, kabla sijafungua boneti nilikuwa nimekwisha kupata sababu za kujaza ubao, na kila sababu ilizaa nyingine, mpaka mwenye gari ananiuliza kama naumwa. Siku yangu ya kwanza niliwaza sana juu ya waya wa buji, ile plagi inayotoa cheche, hata nikasahau kwamba injini inawaka. Nikaushika kwa mkono wenye jasho. Umeme ulinirusha nikaangukia kiti cha Papa Assumani, kikavunjika mguu.

"Injenieri," alisema, "sasa umejua moto iko. Unaweza kuandika."

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo nyinyi hamkulikuta. Leo mtu analeta gari lipone. Wakati ule wengine walileta gari lipate ugonjwa. Gari zima lilikuwa hatari kwa mwenyewe: askari wakiliona linakwenda vizuri, wanalichukua, na ukiuliza linarudi lini unapigwa. Lililokohoa walilijaribu siku chache, wakachoka, wakaliacha njiani. Basi mafundi wa Kindu tulijifunza kazi mbili, ya kuponya na ya kugonjwesha, na ile ya pili ilitaka ustadi zaidi, kwa sababu ugonjwa lazima uonekane umetoka kwa Mungu.

Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza chumvi na sabuni, alikuwa na gari dogo la Kijapani lenye sehemu ya mizigo nyuma, moja ya yale ya kwanza yenye ordinateri, kompyuta ya injini, ndani. Nakumbuka siku aliyolileta.

"Fundi," alisema, "chumvi nitaificha chini ya kitanda. Gari nitaificha wapi? Uifanye igonjwe."

"Ugonjwa gani unataka, mama? Iko ya kuua na iko ya kukohoa."

"Ya kukohoa. Inifikishe uwanja wa ndege, lakini aibu yake isikike kabla haijafika."

Papa Assumani alicheka, akanituma kununua mihogo. Niliporudi, gari lilikuwa linachechemea kwa uzuri kabisa. Nilimwuliza amefanya nini.

"Weye hapana," alinijibu. "Ukijua, utawaza. Ukiwaza, sura yako itasema yote."

Askari walilichukua gari la Mama Kavira kabla ya wiki kwisha. Tulidhani litarudi kwa njia ya kawaida, limetupwa kando ya barabara. Halikurudi hivyo. Komanda mwenyewe, mtu aliyetoka mashariki na kusema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, alilivusha mto Lualaba kwenda Alunguli juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao, kama tulivyovusha magari siku zile. Gari lilipopanda ukingo wa pili lilikohoa, likarudi nyuma, nusura limtie mtoni. Watu walikuwa wamejaa kivukoni. Wakacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichotuletea gari garajini, mchana, jua limewaka, pamoja na askari wa kutosha kuuziba mlango.

Komanda hakupiga kelele. Alisema, "Gari hili kwa yule mama lilikuwa linabeba chumvi. Kwangu linakohoa. Lilipita hapa kwanza." Akaelekeza kidole kwa Papa Assumani. "Mzee, kaa pale. Nikisikia sauti yako, nitajua unamfundisha huyu la kusema." Wakamkalisha juu ya ringi ya gurudumu, askari mmoja nyuma yake. Kisha komanda akanigeukia. "Wewe ndiye mtoto wa shule? Wanasema unasoma taa. Soma."

Papa Assumani alinitazama mara moja, akaangalia chini. Nilifahamu kila kitu na sikufahamu chochote. Nilijua kwamba gari limegonjweshwa kwa mkono wa mtu. Sikujua mkono umegusa wapi. Nikiupata ugonjwa mbele yao, nimemwua bwana wangu. Nikiukosa, pia.

Kwa magari yale msingehitaji simu. Karibu na betri palikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu. Unaunganisha mawili kwa kipande cha waya, unafungua kontakti kwa ufunguo bila kuwasha injini, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Nilifanya hivyo. Taa ikapiga mara mbili, ikanyamaza, ikapiga mara moja. Ishirini na moja.

Nilifurahi kama mjinga. Ishirini na moja ilikuwa kapteri ya oksijeni, ile iliyokaa kwenye bomba la moshi. Kindu nzima haikuwa na kapteri hiyo. Mungu mwenyewe, nilifikiri, ametupa ugonjwa usiotibika. Nikamweleza komanda kwa maneno ya shule, marefu.

"Goma ipo?" aliuliza.

"Huenda ipo, afande."

"Ndege ya kesho italeta. Mtaiweka mbele yangu. Gari likikohoa tena baada ya hapo, nitajua kilichobaki ni mikono ya huyu mzee, na nitaondoka naye."

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimefanya. Kwa sababu mimi mwenyewe sikuiamini taa. Kapteri mbovu inaweza kulifanya gari linywe petroli kama mlevi. Lakini haitikisi injini kwa mpigo uleule, mapigo matatu na pengo, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Pengo lile lilikuwa silinda moja isiyo na moto. Kapteri ingekuja, ingewekwa, na pengo lingebaki palepale, na bwana wangu angepandishwa garini kwa neno nililolisema mimi.

"Afande," nilisema, "niruhusu nihakikishe kabla hujatuma."

"Si umesoma?"

"Nimesoma taa. Sijasoma injini."

Akanipa ishara ya mkono. Akamwita dereva wake, kaporali mwembamba mwenye kofia iliyofifia. "Simama naye. Angalia kila anachogusa."

Kaporali alipoweka mikono juu ya mlango wa gari niliona vifundo vya vidole vyake, vimejaa makovu meupe. Nyinyi mnajua makovu hayo. Yanatoka kwa ufunguo ulioteleza. Wamenipa mlinzi anayejua kazi.

Niliwasha injini. Nikafunga kitambaa kikavu mkononi na kuanza kuchomoa nyaya za buji, mmoja mmoja. Njia hii mnaidharau kwa sababu haina kioo. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini inaanguka zaidi, inakulaumu. Ukichomoa wa ile mgonjwa, hakuna kinachobadilika. Wa kwanza, injini ikaanguka. Wa pili, ikaanguka. Wa tatu, kimya. Ilikohoa vilevile, kama haikunusa kwamba nimeondoa kitu.

"Ya tatu," kaporali alisema polepole.

"Ya tatu," nilijibu.

Nikahamisha buji ya tatu kwenda ya kwanza. Ugonjwa haukuhama. Nikabadilisha nyaya za silinda hizo mbili. Haukuhama. Kila hatua ilikuwa sahihi na kila hatua ilinipeleka pale nisipotaka kufika, na sikuweza kusimama, kwa maana yule mtu pembeni yangu angejua kwamba nimesimama. Kilibaki kifuniko cha delko, kile kinachogawa umeme kwa silinda zote. Nilifungua vibanio vyake viwili. Nikakipindua.

Ndani, kutoka pini ya tatu mpaka ukingoni, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu unaong'aa kidogo. Mstari wa penseli. Risasi ya penseli inapitisha umeme. Cheche ya silinda ya tatu ilikuwa ikiteleza juu yake na kwenda zake kwenye chuma bila kufika kwenye buji. Kazi ya akili, ya kufutwa kwa kitambaa wakati wowote mama akihitaji gari lake. Ila Papa Assumani alikuwa mtu wa reli. Mstari ulikuwa umenyooka. Umenyooka kabisa, kama aliuchora mbele ya mkaguzi.

Kaporali aliinama juu ya bega langu. Nilisikia pumzi yake. Nikawaza kukiangusha kifuniko, nikawaza kupiga chafya, nikawaza kukipangusa kwa suruali. Nikaona jinsi kila moja litakavyoonekana machoni pa komanda, na mikono yangu ikabaki palepale, kifuniko kimekaa juu yake kama sahani ya ombaomba.

"Uko na krayo?" kaporali aliniuliza, sauti ya chini.

Nilidhani ananihukumu. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio langu, mahali pake pa kila siku, na nilikuwa nimesimama nayo mbele ya bunduki zote zile muda wote huo.

Aliichomoa mwenyewe. Akanigeuza kidogo kwa bega lake, mgongo wake ukawa kati yetu na komanda. Kisha akaanza kuchora. Kutoka kwenye mstari ule alitoa tawi dogo, likapinda, likatoa jingine. Akayafifisha kwa kidole chenye grisi.

"Muliichora mubaya," alinong'ona. "Umeme haitembee na rula. Inatambaa kama muzizi."

Akatoa kisu, akakwaruza ufa mwembamba kama unywele pembeni ya mstari, akapaka masizi ya bomba ndani yake. Ilichukua muda ambao mtu hutumia kuwasha sigara. Penseli hakunirudishia sikioni. Aliitupa ndani ya ndoo ya mafuta machafu.

"Afande!" akaita. "Kifuniko imepasuka. Maji ya mutoni njo imeingia."

Komanda alikuja. Alikichukua kifuniko, akakisogeza kwenye jua. Papa Assumani, kule kwenye ringi, alikuwa ameshika magoti yake na kuyaangalia kama si yake. Komanda alinyoosha kidole gumba kutaka kuupangusa mstari.

"Iko grisi, afande," kaporali alisema. "Utachafua mukono."

Kidole kikasimama. Komanda akanitazama mimi.

"Taa ilisema kapteri. Sasa mnasema kifuniko. Nani anadanganya, taa au wewe?"

Vijana wangu, hili ndilo swali mlilopaswa kuniuliza barazani, na mimi niliulizwa nikiwa na jasho machoni. Nilijibu kwa sababu jibu lilikuwa kweli. Nilimwambia: afande, silinda isiyo na moto inavuta hewa na petroli, haichomi, inatema vyote kwenye bomba la moshi. Kapteri inakaa bombani, kazi yake ni kunusa hewa tu, petroli haiijui. Inanusa hewa iliyopita bila kuungua, inapiga kelele kwamba petroli haitoshi. Ordinateri inaongeza petroli. Hewa bado ipo. Mwishowe ordinateri inaandika kwamba pua ni mbovu. Pua ni nzima. Nikamwonyesha buji ya tatu, nyeusi, imelowa petroli, na ile ya pili, kavu, rangi ya hudhurungi. "Petroli ingekuwa haitoshi, hii isingelowa. Taa inataja mahali mgonjwa alipolia. Haitaji mahali alipopigwa."

Palikuwa na uongo mkubwa pale mkononi mwake, lakini hayo niliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na niliposikia sauti yangu imetulia nilishangaa. Komanda alinusa buji zote mbili. Akazigeuza. Nadhani alikuwa mtu aliyependa kuelewa vitu, na katika hali nyingine tungeweza kuzungumza mchana kutwa.

"Kifuniko kingine?" alimwuliza kaporali.

"Tutaleta, afande, na tukivuka tena mara moja, itapasuka tena. Delko ya gari hii inakaa chini, inakunywa maji. Si gari ya mutoni. Itachekesha watu juu yetu kila siku."

Neno lile la kuchekesha lilimwingia. Alikitupa kifuniko juu ya meza, akalizunguka gari, akalipiga teke gurudumu la mbele. Halikulegea. Akalipiga tena.

"Mipira ni mizima," alisema. "Toa yote. Na betri."

Papa Assumani aliachiliwa, akaambiwa asimame. Nilimwinua kwa makwapa. Alinuka jasho la mtu mgonjwa. Alisema neno moja sikioni mwangu, baada ya kuona ninavyomfuata kaporali kwa macho.

"Usimushukuru."

"Papa, yeye..."

"Nimeona. Ukimushukuru wataona na weye umeona. Unataka wamuue? Angalia mapira."

Basi niliangalia magurudumu. Waliweka jeki, wakatoa moja baada ya jingine, wakalishusha gari la Mama Kavira juu ya matofali yetu. Kaporali alifungua nati bila haraka, akaziweka zote ndani ya kofia yake zisipotee, kama fundi yeyote mwenye adabu, halafu akazimimina mfukoni mwa suruali. Sikujua jina lake. Sikujua alitoka garaji gani, alifundishwa na nani, wala kwa nini mtu wa bunduki aamue siku moja kuchora mizizi kwa ajili ya mzee asiyemjua. Nilikuwa na maswali mengi kuliko siku yoyote ya maisha yangu na sikuruhusiwa hata moja. Machozi yakaanza kunimwagika. Nilijaribu kuyazuia, nikashindwa, mbele ya askari wote.

Komanda aliona. Akakunja uso, akaanza kunijia.

Kaporali alikuwa anasukuma gurudumu la mwisho kuelekea lori. Akalisimamisha kwa mguu, akanicheka kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni.

"Ebu muone mutoto wa shule! Weye, unalia juu ya mapira?"

Askari wakaangua kicheko. Komanda naye akatabasamu, akageuka, akapanda lori.

"Ndiyo, afande," nilimjibu kaporali. "Nalia juu ya mapira."